Meli ya kitalii na watoto wadogo: majibu ya maswali yenu

Likizo inakaribia, na barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu meli. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shangazi, shikamoo. Siku ya safari mwanangu atakuwa na miezi 5. Wakala anasema hatapokelewa. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, mshukuru wakala wako. Kampuni nyingi zinataka mtoto awe ametimiza miezi 6 siku ya kupanda. Kwa safari zinazokaa baharini siku kadhaa mfululizo, kama kuvuka Atlantiki, mara nyingi hutakiwa awe na mwaka 1. Melini kuna zahanati, hakuna hospitali ya watoto, na mtoto mchanga akizidiwa katikati ya bahari msaada unaweza kuchelewa sana. Sogeza tarehe.

Wangu wana miaka 2 na 4. Tunataka kuwaacha kwenye klabu ya watoto mchana, nasi tupumzike.

Wa miaka 4 ataingia. Wa miaka 2 huenda akakwama mlangoni, kwa sababu klabu nyingi huanzia miaka 3 na sharti mtoto awe ameacha nepi. Baadhi ya meli kubwa zina chumba maalumu cha walio chini ya umri huo, lakini hulipiwa kwa saa na nafasi zake huisha haraka. Uliza kabla hujalipa nauli.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, nami nimeona likiwaliza watoto: anayevaa nepi haruhusiwi kuingia kwenye mabwawa mengi ya melini, hata akivaa nepi ya kuogelea. Nepi hiyo haizuii vijidudu kuingia majini, na mtoto mmoja akijisaidia bwawani, bwawa zima hufungwa. Meli kadhaa zina sehemu ya maji ya kurukaruka iliyotengwa kwa ajili ya wadogo hawa. Kama wako anapenda maji, chagua meli kwa kigezo hicho kabla ya kutazama maonyesho na maporomoko ya kuteleza.

Binti yangu wa miaka 5 hutapika hata kwenye basi. Tuache safari?

Msiache, ila chagueni chumba kwa makini. Wahenga waliposema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walikuwa wanaijua meli: mbele na nyuma hupanda na kushuka, katikati hutulia. Chukueni chumba cha katikati, sitaha ya chini. Roho ikianza kumchafuka, mtoe nje kwenye hewa, atazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, na umnyang'anye simu kwa upole. Apate biskuti kavu, asikae na njaa. Dawa iamuliwe na daktari kabla ya safari, maana zipo zinazowafaa watu wazima na zisizofaa kabisa kwa watoto. Walio chini ya miaka 2 ni nadra kupata shida hii.

Mke wangu anaogopa mtoto ataanguka baharini. Namwambia meli ina kingo ndefu. Nani yuko sahihi?

Kaka, msikilize mkeo. Kingo ni ndefu kwa mtoto aliyesimama sakafuni. Akipanda kiti, urefu huo haumlindi tena. Ondoeni viti na meza karibu na ukingo wa roshani, na mlango ufungwe kwa komeo kila wakati.

Hata hivyo, mimi naliogopa zaidi bwawa. Meli nyingi hazina mwokoaji bwawani, na mtoto huzama kimya, bila kelele wala kurusha mikono, huku watu wazima wamekaa hatua tatu kutoka kwake. Mmoja wenu awe mlinzi, asishike simu, asizungumze na jirani, hadi mwenzake ampokee zamu.

Na zoezi la dharura msilikwepe kwa sababu mtoto amelala. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hawakuwa wamefanya zoezi bado. Baadaye sheria ya kimataifa ilibadilishwa: zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Siku hiyo hiyo ombeni jaketi la kujiokolea la ukubwa wa mtoto na mjaribishieni.

Dawa ya kupaka mikononi inatosha kuzuia kuhara?

Haitoshi. Norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika anayesumbua sana melini, havunjwi vizuri na dawa za spiriti. Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya kila mlo.

Tukishuka bandarini na kigari cha mtoto, tujipe muda gani?

Rudini saa nzima kabla ya muda wa mwisho wa kupanda, ambao nao hutangulia muda wa kung'oa nanga. Mkitembea wenyewe na mkachelewa, nahodha ataondoka. Kigari kiwe chepesi cha kukunja: pengine meli hutia nanga mbali na gati, na mtashushwa kwa mashua ndogo, mtoto mkono mmoja, kigari mkono wa pili.