Tivii au senema? Mimi nna jibu langu
We ami umeuliza kipi kinaburudisha zaidi, tivii au filamu, mimi nakwambia tivii na sioni haya. Filamu saa mbili imekwisha, umelia umecheka basi, lakini tamthilia inakaa na wewe miezi, hizi za Kituruki zilotiwa Kiswahili pale kwetu ikifika saa yake hata chai hutiliwi, na kesho yake barazani ndo mazungumzo, nani kamsaliti nani.

Halafu sisi Unguja na tivii ni watu wa zamani, tulikuwa na ya rangi toka miaka ya 70, bara wenzetu wakangoja mpaka 1994 (wakituudhi tunawakumbusha hilo lol).

Ila senema ina utamu wake mmoja tivii haiuwezi, kutizama na watu. Nenda ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe usiku, juu nyota, skrini kubwa, watu mia wanacheka pamoja, hata filamu mbovu inakuwa nzuri wallahi. Filamu hiyohiyo ukiitizama kwenye simu kitandani unasinzia nusu saa tu.