Mhasibu na uongozi wa langalanga: njia ya Stefano Domenicali na vyeti vinavyouzwa kwa jina lake

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina shahada ya biashara na ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni inayoingiza magari yaliyotumika kupitia bandari ya Mombasa. Nimesoma kwamba Stefano Domenicali, aliyeongoza timu ya Ferrari, kisha kampuni ya Lamborghini, na baadaye akakabidhiwa Formula 1 yenyewe, alisomea biashara kama mimi wala si uhandisi. Kuna chuo cha mtandaoni kinachotoa cheti cha uongozi wa michezo ya magari kwa wiki nane, na tangazo lao linamtaja yeye kuwa mfano. Wanaahidi pia kumtafutia kila mhitimu ajira nchini Italia. Je, cheti hicho kitanisaidia, au ni lazima nirudi chuoni nikasomee uhandisi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Uhandisi si lazima, na cheti hicho hakitakusaidia. Ningeweza kuishia hapo, lakini barua za namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu zote zina kosa lilelile: mwandishi ameanza kuihesabu safari ya Domenicali kuanzia 2008, alipokabidhiwa timu ya Ferrari, wala hajauliza mtu huyo alikuwa wapi kabla ya hapo.

Alikuwa humohumo Ferrari. Alizaliwa mwaka 1965 katika mji wa Imola, wenye uwanja wake wa mbio, akahitimu masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Bologna mwaka 1991, na mwaka huohuo akaajiriwa na Ferrari upande wa fedha na utawala. Kati ya 1992 na 1994 alisimamia uendeshaji wa mbio katika uwanja wa Mugello, ambao ni mali ya Ferrari. Mwaka 1995 alihamishiwa idara ya michezo kushughulikia wafanyakazi na mahusiano na wadhamini, mwishoni mwa 1996 akawa meneja wa timu, mwaka 2001 akapewa usafirishaji na ugavi, kisha akawa mkurugenzi wa michezo chini ya Jean Todt, mkuu wa timu wa wakati huo. Ndipo Todt alipomwachia kiti. Tangu siku ya kuajiriwa hadi hapo ilikwisha pita miaka kumi na sita na ushei, yote katika nyumba moja, na mingi kati yake katika kazi ambazo hakuna mtazamaji wa televisheni anayezijua.

Wauza vyeti huiruka miaka hiyo kwa sababu haipendezi katika tangazo. Hebu itazame kazi moja tu kati ya hizo, ile ya usafirishaji. Timu inapokwenda kushindana nje ya Ulaya, magari, injini na kompyuta hupelekwa kwa ndege, ilhali vitu vizito visivyo na haraka, kama samani, vyombo vya jikoni na baadhi ya zana za gereji, hutangulizwa kwa meli ndani ya makontena, tena kwa seti kadhaa zinazozunguka dunia kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakuna meli inayoweza kutoka bara moja hadi jingine baina ya Jumapili mbili. Mali hiyo huvuka mipaka kwa hati ya forodha iitwayo karneti ya ATA, ambayo huorodhesha kila kifaa pamoja na idadi, uzito na thamani yake, ili nchi inayoipokea isiitoze ushuru mradi itoke kama ilivyoingia. Kisanduku kimoja kikiondoka bila hati kugongwa muhuri wa kutoka, dai la ushuru linaweza kumfuata mwenye mali hadi kwao. Wewe unayeshinda na hati za shehena za bandarini unakijua kiini cha kazi hii kuliko mtu yeyote atakayekufundisha kwa wiki nane kupitia simu.

Umeneja wa timu nao haufanani na picha iliyomo vichwani mwa watu. Meneja ndiye anayezungumza na waamuzi wa mbio kwa niaba ya timu, anayepaswa kujua pingamizi linawasilishwa kwa kanuni ipi na ndani ya muda gani, na anayeitwa dereva wake anaposhtakiwa kwa kosa. Ni kazi ya mtu anayesoma vifungu na viambatisho vyake bila kuchoka. Mhasibu mzuri ana tabia hiyo tayari.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii ya kudhani kwamba uongozi ni bidhaa inayojitegemea, ambayo mtu huinunua mahali fulani kisha akaenda kuipachika kwenye kampuni yoyote. Ferrari yenyewe ina mfano unaofaa kutafakariwa. Domenicali alipojiuzulu tarehe 14 Aprili 2014, nafasi yake alipewa Marco Mattiacci, ambaye hadi wakati huo alikuwa akiongoza biashara ya Ferrari ya Amerika Kaskazini. Mattiacci hakuwa mtu mdogo, na alijua kuuza magari ya kifahari; lakini hakuwa ameishi ndani ya mbio, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameondolewa. Msije mkakimbilia upande wa pili pia. Mattia Binotto, mhandisi aliyekulia ndani ya Ferrari tangu 1995, aliongoza timu hiyohiyo kuanzia 2019 hadi mwisho wa 2022 bila kupata ubingwa. Kwa hiyo mjadala wa mhandisi au mfanyabiashara, ambao vijana huniletea kana kwamba ndio ufunguo, hauamui jambo.

Tena tuwe wakweli kuhusu miaka ya Domenicali kwenye kiti kile, kwa sababu tangazo ulilolisoma linaandika jina la Ferrari na kuacha yaliyotokea. Mwaka 2008 Ferrari ilitwaa ubingwa wa watengenezaji, yaani ule wa timu, na hadi msimu wa 2024 haikuwa imeupata tena. Mwaka huohuo dereva wake Felipe Massa alikosa ubingwa wa madereva kwa pointi moja. Wanaokumbuka mbio za Singapore za msimu ule wanajua pointi zilivyopotea: Ferrari ilikuwa imemwondoa mtu anayesimama na kibao mbele ya gari lililoingia kituoni kujazwa mafuta, ili kumwonyesha dereva wakati wa kuondoka, na badala yake kuweka taa, taa ya kijani ikawashwa kabla bomba la mafuta halijachomolewa, na Massa, aliyekuwa akiongoza, akaondoka nalo likining'inia ubavuni hadi mwisho wa njia ya kituo, ambako mafundi walimkimbilia kulichomoa. Mwaka 2010 huko Abu Dhabi timu ilimwita dereva wake Fernando Alonso abadilishe matairi ili kumkabili Mark Webber wa Red Bull, akarudi nyuma ya Vitaly Petrov wa Renault asiweze kumpita, na ubingwa ukaenda kwa Sebastian Vettel wa Red Bull kwa tofauti ya pointi nne. Mwaka 2012 Alonso alishindwa tena na Vettel, safari hii kwa pointi tatu. Mkuu wa timu hakuibonyeza taa ile, lakini ndiye aliyejibu, na mwaka 2014, gari la injini mpya za mseto, za petroli na umeme pamoja, lilipoanza vibaya, alijitwika lawama na kuondoka. Sijawahi kuona silabasi ya wiki nane yenye somo hilo.

Hata hatua ya Lamborghini, ambayo watu huisimulia kama bahati ya mtu aliyeangukia pazuri, haikuwa ya ghafla. Mwishoni mwa 2014 aliingia Audi, kampuni inayoimiliki Lamborghini, na kushughulikia miradi mipya ya biashara. Kule Sant'Agata Bolognese, makao ya Lamborghini, alianza kazi ya kuiongoza kampuni hiyo Machi 2016. Mwaka huo Lamborghini iliuza magari 3,457. Mwaka 2019 iliuza 8,205. Takwimu hizo ni za kweli, lakini mtu wa hesabu lazima aulize zimetokana na nini: sehemu kubwa ya ongezeko ililetwa na Urus, gari refu la familia lililozinduliwa Desemba 2017, ambalo uamuzi wa kulitengeneza ulikuwa umekwisha kupitishwa kabla yake, enzi za mtangulizi wake Stephan Winkelmann. Sifa ya Domenicali hapo ni kuusimamia upanuzi wa kiwanda na kulifikisha gari sokoni, na hiyo si sifa ndogo. Januari 2021 alichukua uongozi wa Formula 1 kutoka kwa Chase Carey.

Nisieleweke kwamba ninadharau masomo. Elimu ya kweli ya fani hii ipo, na huko Emilia-Romagna, eneo la Italia lenye viwanda hivyo, vyuo vikuu vya Bologna, Modena, Parma na Ferrara vimeungana na kampuni kama Ferrari, Lamborghini, Ducati na Dallara kutoa shahada za uzamili za miaka miwili, nyingi zikiwa za uhandisi. Ninachokidharau ni karatasi. Katika usaili wa wahasibu wa kampuni za magari nina desturi ya kumwekea mwombaji mezani hati ya shehena, ankara ya muuzaji na tamko la forodha la gari lilelile, huku namba ya fremu katika hati moja ikiwa na herufi iliyokosewa, nikamwomba aniambie kama angeidhinisha malipo. Wenye mabunda ya vyeti vya uongozi huanza kunieleza maono yao. Aliyewahi kukaa bandarini huinua ankara, huweka kidole kwenye namba, na kuuliza nani aliinakili.

Ushauri wangu kwako ni mfupi. Omba uhamishwe, hata kwa miezi michache, kwenye dawati la forodha na usafirishaji la kampuni yako. Na kwa kuwa Safari Rally ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na huendeshwa kutokea Naivasha, ulizia nafasi za kujitolea kupitia vilabu vya mbio na shirikisho la taifa la michezo ya magari, ambalo ndilo linalotoa leseni za maofisa. Utapewa redio, koti la njano na kipande cha njia ya vumbi cha kulinda, na hapo utaanza kujua mbio huendeshwa vipi.

Ama kuhusu ahadi ya ajira Italia, hapo nawaonya wote wanaosoma, si wewe peke yako. Kwa kazi ya kuajiriwa, mwajiri aliyeko Italia ndiye anayeomba kibali cha kumwajiri mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, kupitia ofisi ya uhamiaji ya mkoa wake; chuo hakiwezi kukuombea, wala wakala wa chuo. Mtu akikutaka ulipe ada ya kutafutiwa nafasi, mwombe jina la mwajiri na nakala ya mkataba, kisha umwandikie mwajiri huyo mwenyewe kwa anwani uliyoitafuta wewe, si aliyokupa yeye. Kama umekwisha kulipa kianzio, kidai kwa maandishi, na nakala ya pasipoti yako usiwatumie.