Nguzo zinapasuka na kutoa kutu Mikindani: usipige plasta kwanza

Mkuu uliyeuliza kuhusu nyumba ya Mikindani, kwamba nguzo za baraza zimepasuka kwa urefu zinavuja maji ya kutu na fundi anataka apige plasta halafu rangi ya mafuta, nakuomba sana umsimamishe huyo fundi. Mimi kazi zangu ni za zege huku Mtwara na Lindi, na nguzo za namna hiyo ziko kibao kuanzia Shangani hapa Mtwara mpaka Kilwa Masoko, popote upepo wa bahari unapopiga.

Elewa kwanza kinachotokea. Nondo ndani ya zege zuri haishiki kutu, na sio kwamba haiguswi na maji, unyevu upo siku zote. Kinacholinda ni ukali wa simenti, pH (kipimo cha ukali huo) inakuwa 12 mpaka 13, na kwenye hali hiyo nondo inajitengenezea utando mwembamba ambao huwezi kuuona kwa macho, huo ndio ulinzi wake. Hewa ukaa ikipenya taratibu kwa miaka inashusha pH chini ya 9 na utando unakufa, lakini sisi watu wa pwani tatizo letu kubwa ni chumvi, maana chumvi ikifika kwenye nondo inautoboa ule utando hata kama zege bado lina ukali wake wote. Kutu nayo inajaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili mpaka sita, kwahiyo inasukuma zege kutokea ndani. Ndio maana ufa wako umenyooka kufuata nondo. Sasa ukiufunika kwa plasta umezuia nini? Kutu inaendelea kule ndani, wewe huioni tu.

Mdau hapo juu kasema mbona kuta za Kilwa Kisiwani zimekaa tangu karne ya 14 na chumvi yote ile. Ni kweli kabisa, ila zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, hakuna chuma ndani. Ukishaweka nondo habari inabadilika.

Na yule aliyesema nondo zipakwe oili chafu kabla ya kumwaga, jamani msifanye hivyo, zege halitashika nondo, utakuwa umeua nguzo siku ya kwanza. Hata nondo za kupakwa epoksi, rangi ngumu ya plastiki, kiwandani sio za kuziamini kwa macho yaliyofumba, kule Florida Marekani kwenye madaraja ya visiwa vya Keys zilikutwa zimeliwa mwaka 1986, miaka michache tu baada ya ujenzi, tena pale pale mawimbi yanaporushia maji. Chuma cha pua ndio kinahimili, gati la Progreso kule Mexico lilijengwa nacho kati ya 1937 na 1941 na limedumu vizuri mno, ila bei yake kwa nyumba zetu hizi tusidanganyane.

Kwahiyo kinga yetu ni zege lenyewe, na hapa ndipo pesa inapotea kizembe. Chukua maji. Maji ya bahari yana kama gramu 19 za kloraidi, ile sehemu ya chumvi inayotoboa utando, kwa lita, ukikorogea mfuko mmoja wa kilo 50 kwa lita 25 umeingiza gramu 475, wakati kikomo cha kloraidi kwenye viwango vya Ulaya kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.4 ya uzito wa simenti, yani gramu 200 kwa mfuko, umeshapita mara mbili na bado hata upepo haujaanza kazi yake. Kisima cha karibu na ufukwe kikiwa na ladha ya chumvi kiache, na mchanga wa ufukweni uache kabisa hata kama tripu yake ni rahisi. Hayo maji ya chumvi usimwagilie nayo pia.

Halafu kava, yani unene wa zege linalofunika chuma, hili ndilo linaniuma kuliko yote. Nguzo za nje huku pwani mimi nataka milimita 50 kutoka uso wa zege mpaka ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo kuu. Watu wanadhani kava la 25 litawapa nusu ya muda, hapana, chumvi ikiwa inapenya kutoka nje ukipunguza kava nusu muda unashuka mpaka kama robo. Na ugomvi unaanzia kwenye kukunja ringi, fundi ana nguzo ya milimita 230 anakunja ringi ya 180, hapo hata ukimlazimisha afunge biskuti nzuri, vile vipande vya zege vinavyoitenga ringi na mbao, kava haliwezi kufika, nafasi haipo. Afadhali umwone injinia mwende na nguzo ya 300, ringi iwe 200, biskuti za zege zifungwe pande zote, sio kuegesha kokoto.

Maji ya kukorogea yasizidi lita 22 hivi kwa mfuko, ukihesabu na unyevu wa mchanga, saidia fundi akilalamika zege gumu lete vibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, usilete ndoo nyingine ya maji. Baada ya hapo funika na magunia yabaki mabichi siku 7 angalau, sio kurusha maji asubuhi na jioni huku jua la Novemba linakausha katikati.

Turudi kwako. Usibomoe kitu kabla hujategemeza bimu na mirunda imara. Zege lililopasuka litolewe mpaka nyuma ya nondo, vidole viingie, na uendelee kufuata nondo mpaka ukute chuma safi, sugua na brashi ya waya, osha kwa maji yasiyo na chumvi, nondo ikiwa imeliwa kama robo iongezewe nyingine. Jazia zege zito, sio plasta. Ila ujue ukiziba sehemu moja tu, zege la pembeni lenye chumvi linaanza kula nondo haraka, kwasababu ile sehemu ya zamani ndiyo ilikuwa inaliwa kwa niaba yake, kwahiyo mafundi wa marekebisho wanafunga vipande vya zinki pembezoni mwa kiraka ili zinki iliwe badala ya nondo. Kwa nguzo fupi za baraza, kuvunja na kumwaga upya mara nyingi inatoka nafuu.

Kabla hujaamua, zunguka nyumba uangalie nguzo zisizoelekea bahari pamoja na linta (boriti za zege juu ya milango na madirisha) za ndani. Zikiwa nzima, chumvi imekuja na upepo na kazi yako ni baraza tu. Zikiwa nazo zimeanza nyufa za kunyooka, huenda chumvi ilikorogwa humo humo kwenye zege, muulize aliyejenga mchanga ulitoka wapi na umwite injinia kabla hujagusa nguzo yoyote. Ukishaangalia andika hapa hapa umekuta nini.