Eti bingwa wa dunia anaendesha piki bila breki?

SWALI: Habari ya kazi mhariri, mimi niko Kondele hapa Kisumu. Kakangu mdogo ana miaka 22, ni mtu wa boda. Kila usiku yuko kwa simu anaangalia Mpolandi mmoja anaitwa Zmarzlik, wanazunguka uwanja piki zimelala vumbi inaruka. Sasa juzi ameenda kwa fundi akatoa breki ya mbele, ati bingwa hana breki na yeye anazoea. Ni ukweli ama ananidanganya? Na huyo jamaa alifikaje hapo?

JIBU: Dada, hajakudanganya, na hiyo ndio inanitia wasiwasi. Hayo mashindano anayoangalia yanaitwa speedway, na piki zake hazina breki kabisa, mbele wala nyuma, injini ni ya cc 500 inakunywa methanoli badala ya petroli na gia ni moja tu. Lakini hebu mwambie aangalie tena ile video vizuri. Wako wanne tu, wote wanazunguka upande mmoja, raundi nne kwa dakika moja hivi wamemaliza, na chini ni udongo si lami. Wakifika kona wanatupa gurudumu la nyuma kando huku mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuta chini, huko kuteleza ndiko kunakula spidi. Mtu akishika breki pale, wa nyuma watamgonga. Hata kuna kamba imefungwa mkononi, akianguka inazima injini. Sasa Kondele saa kumi na mbili jioni, matatu inakukatia, mama na mtoto wako nyuma, utateleza uende wapi?

Bartosz Zmarzlik alizaliwa 1995, akakulia kijiji kinaitwa Kinice, na kakake Paweł pia alikuwa dereva wa speedway. Alilelewa na klabu ya Stal ya mji wa Gorzów kule Poland, akakaa nao mpaka 2022 ndio akaenda klabu ya Lublin. 2014 akiwa na miaka 19 alishinda Grand Prix, yaani mkondo mmoja wa ubingwa wa dunia, hapo hapo Gorzów mbele ya watu wa kwao, mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa vijana. Lakini taji la wakubwa lilimkawiza sana, 2016 wa tatu, 2018 wa pili, ndio 2019 akalipata. Tena 2020, 2022, 2023, 2024 na 2025, jumla sita, sawa na Ivan Mauger wa New Zealand na Tony Rickardsson wa Sweden. Hiyo ya 2025 alimshinda Brady Kurtz wa Australia kwa pointi moja tu! Na 2023 alitolewa mashindano ya Vojens kule Denmark kwa sababu ya nguo, alivaa suti isiyo sahihi kwa mazoezi ya kufuzu, fikiria huo ukali wa sheria.

Mwambie pia habari ya Tomasz Gollob, Mpolandi mwenzake, bingwa wa 2010. Huyo alikuwa hodari wa kweli kwa piki, na 2017 alianguka kwa motokrosi, zile mbio za piki za milima na mashimo, si hata speedway, akaumia uti wa mgongo, akaishia kwa kiti cha magurudumu.

Video aendelee kuangalia, hata mimi naipenda sana. Lakini hiyo breki irudi leo dada, mfuate mpaka kwa fundi kabla hajabeba mtu mwingine.