Jibu: Seli NK zinaua, lakini interferoni haitabiriki

Salaam ndugu. Kama nimelielewa swali lako, seli NK (seli za kinga zinazoua seli zenye kasoro) za mgonjwa wa figo iliyopandikizwa, anayemeza takrolimasi (dawa ya kushusha kinga), zinaua K562 (seli za saratani ya damu za kupimia) vizuri, ila interferoni gama, protini ya ishara ambayo seli NK hutoa, leo ipo, kesho haipo.

Angalia kwanza unavyoziosha seli hizo. Takrolimasi huzuia kimeng'enya kalsinyurini, hivyo NFAT, protini inayowasha jeni, haiingii kwenye kiini kuwasha jeni ya interferoni. Ishara zinazotangulia kalsinyurini, yaani kimeng'enya Syk na kupanda kwa kalsiamu, usihangaike nazo, dawa haizigusi. Lakini kila ukiosha, dawa hupungua, na breki hulegea. Rudisha takrolimasi 10 ng/ml kwenye kisima kimoja cha seli. Kingine kitie DMSO (kiyeyushi cha dawa) tupu, isizidi asilimia 0.1.

PMA na ionomaisini, kemikali za kuamsha seli, wengi huzitia kuhakikisha seli zina uhai. Hapa zitakudanganya, maana nazo hupitia kalsinyurini! Tia IL-12 na IL-18, protini za ishara za kinga zinazotegemea zaidi njia nyingine ndani ya seli, STAT4 na NF-kB. Mgonjwa akiwa kwenye sirolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga, hiyo huzuia kimeng'enya mTOR: pima S6 yenye fosfeti (protini inayoonyesha kama mTOR inafanya kazi) baada ya kutia IL-15, ishara nyingine ya kinga.

Na damu ya kupima isingoje feri Likoni, Mombasa, ikipikika garini. Nyuzi 18 hadi 25, bila barafu.