Maswali ya Wasomaji: Mtemi Anayewindwa na Kijana Asiyejua Kungoja

SWALI: Shikamoo, Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Urambo na ninalea kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Tunaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu mtemi wa Unyanyembe (nchi ya Tabora) aliyefukuzwa katika ikulu yake, akawa anasakwa porini na watu wa wafanyabiashara wa Kiarabu, huku akimfunza mpwa wake, kijana mwepesi wa hasira ambaye ndiye atakayemrithi. Tumemchukua Mnywa Sere kuwa mfano wetu, tukamvika mvi na kumpa mkongojo. Wazee wawili tuliowaalika kutazama mazoezi walitikisa vichwa bila kutueleza sababu. Tumeteleza wapi, na kijana wa namna hiyo angefundishwa nini hasa? (Mwalimu, Urambo)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Wazee wale walikuwa na sababu nzuri, na nadhani walinyamaza kwa adabu tu. Mnywa Sere hakupata muda wa kuota mvi. Alimrithi Fundikira mwishoni mwa miaka ya 1850, akatoza ushuru bidhaa zilizoingia nchini mwake, na kufikia mwaka 1860 wafanyabiashara walioudhika walikuwa wamemwondoa kwa nguvu ya bunduki na kumkalisha Mkasiwa mahali pake. Mwingereza John Hanning Speke alikutana naye mapema mwaka 1861 huko Jiwe la Mkoa, akiwa mkimbizi mwenye wafuasi 30 hivi wenye bunduki, na maelezo aliyoyaacha Speke ni ya kijana mtanashati, si ya mzee wa mkongojo. Aliuawa mwaka 1865.

Kwa hiyo, katika historia yenyewe, Mnywa Sere ndiye kijana wa mchezo wenu. Ushuru ule mimi siuoni kuwa kosa, kwa maana utajiri wa pembe za ndovu ulikuwa ukipita mlangoni pake na mtemi hakuwa na sababu ya kuutazama tu. Lakini aliudai kabla ya kuhesabu nani angesimama naye siku ambayo bunduki zingelia, na wapinzani wake hawakupata taabu kumwona mtu mwingine wa ukoo wa watemi aliyekuwa tayari kukaa kitini. Mkitaka mzee, basi tungeni mtemi wa kubuni na mumweke katika miaka hiyo hiyo, au mgeuze mambo ili Mnywa Sere awe mpwa anayefokewa. Mimi ningechagua njia ya pili, ingawa najua ni ngumu zaidi kwa mwigizaji wa kidato cha tatu.

Mpwa mwacheni abaki mpwa. Katika tawala nyingi za Wanyamwezi urithi wa utemi ulipita upande wa mama, ambapo mtoto wa dada ndiye aliyemrithi mjomba, kabla baadhi ya tawala hazijauhamishia kwa watoto wa kiume katika karne hiyo hiyo. Hilo linawapa jambo ambalo jukwaa linalipenda, yaani watoto wa mtemi mwenyewe wanaomwona binamu yao akitayarishwa kupewa kiti ambacho wao wanaanza kukitamani.

Sasa nije kwenye swali lenu kubwa. Katika rasimu mliyoniambatishia, mzee anaamuru na kijana anabisha, kisha kijana anaona aibu na kutii. Mtemi aliye katika ikulu yake, akizungukwa na boma, wanangwa (wakuu wa vijiji wake) na ghala la nafaka, anaweza kufundisha hivyo. Anayewindwa hawezi. Mirambo, mtemi mpiganaji wa huko kwenu Urambo, alipokutana na msafiri Henry Morton Stanley mwezi Aprili 1876, alimweleza, kama Stanley alivyoandika, kwamba vita vya uwanda wazi ni vya vijana wasio na ndevu, wenye macho makali na viungo vyepesi, na kwamba watu wazima kazi yao ni kulinda boma. Ukiyachukua maneno hayo kwa uzito, unaona mara moja shida ya mzee wenu, kwa sababu boma lake limechukuliwa, na pamoja nalo limekwenda lile eneo la pekee ambalo umri wake ulikuwa na kazi. Porini kijana ndiye mwenye miguu, ndiye mwenye macho ya usiku, na ndiye anayeweza kuondoka alfajiri na kwenda kujiunga na bwana mwingine mwenye baruti nyingi zaidi. Mzee anamhitaji kijana kuliko kijana anavyomhitaji yeye, na wote wawili wanajua. Kila somo atakalolitoa itambidi alibembeleze, alilipie kwa sehemu ya nyara, au alifiche ndani ya shughuli nyingine.

Somo lenyewe, kwa maoni yangu, ni moja tu, nalo ni kuiacha nafasi ya kupiga ipite. Mfano bora ninaoujua ni wa Agosti 1871, wakati Mirambo alipokuwa akipigana na Waarabu wa Tabora. Jeshi lao likiongozwa na Soud bin Sayd lilivamia kijiji cha Wilyankuru, likaingia ndani, likakusanya pembe na mateka. Mirambo na watu wake, wanaokisiwa kuwa 400, hawakuonekana. Walikuwa wamelala katika nyasi ndefu pande zote mbili za njia ya kurudia, wakiacha kijiji chao kiporwe, na waliinuka pale tu wavamizi walipokuwa wamelemewa na mizigo na safu yao imerefuka. Soud aliuawa pamoja na watu wengi, na Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu, alijikuta akikimbia na waliosalia. Mfikirie kijana wa miaka 18 aliyelala katika nyasi hizo na bunduki yake ya gumegume, akijua kuwa nyumba inayoporwa kule mbele ni ya mama yake, na mtu mzima aliyelala kando yake akiwa amemshika mkono asiinuke. Onyesho hilo moja lingetosha kubeba nusu ya mchezo wenu.

Wala msidhani kwamba pupa ni ugonjwa wa vijana peke yao. Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo alikuja hadi Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah, mtu mzima mwenye heshima kubwa miongoni mwa Waarabu, aliona fedheha kukaa ndani, akatoka na Waarabu wachache na watumwa wake wenye silaha, pamoja na kijana aliyemlea kama mwanawe. Mirambo alirudi nyuma kama anayekimbia, akawavuta mbali na mji, kisha akawageukia. Watumwa walitimua mbio, na mlezi na mlelewa wakauawa pamoja. Hapo mtaona kwamba mwenye umri ndiye aliyechemka damu, na kijana alikufa kwa sababu ya utii wake. Katika rasimu yenu utii ndio ushindi wa mwisho. Ningewaomba mlifikirie tena jambo hilo.

Na Mirambo mwenyewe msimfanye mtakatifu wa subira. Katika mazungumzo yale ya 1876 alisema pia kwamba vijana wake 15 walikufa siku moja kwa sababu tu alitamka kuwa anakitaka kitambaa chekundu ambacho adui alikuwa amekitupa kwa kuwachokoza. Alilisema kama sifa ya ujasiri wao. Mimi nalisoma kama hesabu ya deni lake.

Kuhusu mahali pa kujificha, nitasema kwa ufupi. Msiwaweke mapangoni, kwa sababu mkimbizi wa Unyamwezi aliishi kwa hisani ya watemi wengine, na hisani hiyo iliwagharimu waliompokea. Speke alipopita Rubuga, mashariki ya Tabora, mwaka 1861, aliikuta nchi ambayo miaka michache kabla ilikuwa na neema ikiwa imeharibiwa, kwa sababu mtemi wake, Maula, alikuwa amemhifadhi Mnywa Sere. Kijana wenu akitaka kupiga msafara jirani na kijiji kinachowalisha, mzee ana hoja nzito ya kumzuia, na hoja hiyo ina majina na nyuso za watu waliompa uji jana yake.

SWALI: Mzee, mimi na shemeji yangu tumebishana kuhusu rugaruga, wale wapiganaji wa kina Mirambo. Yeye anasema walikuwa wanyang'anyi tu na kwamba hakuna mkuu wao yeyote aliyemwandaa mrithi, kila mmoja alikufa na himaya yake. Nani amesema kweli? (Msomaji, Sikonge)

JIBU: Shemeji yako amepatia nusu, kwa hiyo usimwachie ushindi wote. Rugaruga walikuwa vijana waliokatwa na koo zao, wengine wakimbizi, wengine waliowahi kuwa mateka, wengine wapagazi walioachana na misafara, na walishikamana na kiongozi kwa sababu ya nyara, nguo nyekundu, bangi na sifa zake. Vifungo vya namna hiyo havirithishwi kirahisi. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akamrithi ndugu yake Mpandashalo, ambaye aliuawa vitani mwaka 1890 akipambana na Wangoni, na kufikia wakati huo sehemu kubwa ya kile ambacho Mirambo alikijenga ilikuwa imeshajitenga. Wengi humlaumu Mpandashalo kuwa hakuwa na uwezo wa kaka yake. Mimi naona lawama hiyo imekosa njia, kwa sababu Mirambo alikuwa amejenga nguvu iliyotegemea yeye awepo mahali, aonekane, aogopwe, na hakuna mrithi ambaye angeweza kufundishwa kuwa mtu mwingine.

Nusu ambayo shemeji yako ameikosa ni Nyungu ya Mawe. Huyu, ambaye masimulizi yanamkumbuka kwa jicho lake moja, alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, akaiacha nchi yake baada ya Mnywa Sere kuuawa na kuteremka kusini hadi Ukimbu, ambako aliweka makao yake Kiwele. Alikuwa mkali kuliko Mirambo, na sitaki mtu anisome kana kwamba ninamsifu kwa upole. Lakini mahali ambapo Mirambo aliwaacha watemi walioshindwa au ndugu zao waendelee kutawala kwa sharti la kutii, Nyungu aliweka watwale, yaani wasimamizi, wake mwenyewe, kila mmoja akisimamia watemi kadhaa wadogo na kumpelekea pembe za ndovu. Kwa maneno mengine, wapiganaji wake aliwapa kazi ambayo ilimlazimu mtu kukaa mahali pamoja, kusikiliza mashauri na kusubiri mavuno, na nadhani hiyo ilikuwa dawa kubwa ya damu moto kuliko mawaidha yoyote. Yeye naye alifariki Desemba 1884, mwezi uleule na Mirambo. Aliyemrithi ni mwanamke, binti yake Mgalula, na utawala ule ulisimama mpaka Wajerumani walipoingia. Mwulize shemeji yako kama hilo nalo ni kufa na himaya.

SWALI: Shikamoo, Babu. Nasikia Urambo wanaandaa mchezo kuhusu mtemi anayewindwa, nasi huku Ujiji tungependa sehemu ya mwisho ifike kwetu, mzee na kijana wavuke mto Malagarasi na kupata amani ufukweni mwa ziwa Tanganyika. Je, inawezekana kihistoria? (Mama wa ushonaji, Ujiji)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuvuka kuliwezekana, amani ndiyo ninayoitilia shaka. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ileile ya misafara iliyoanzia pwani na kupita Tabora, na wafanyabiashara waliokaa kwenu walikuwa na ndugu, wadeni na wabia miongoni mwa hao hao waliokuwa wakimsaka mtemi. Njiani kwenyewe mgeni hakuweza kupita kimya. Kwenye vivuko vya Malagarasi msafiri alitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo ilimaanisha kusema wewe ni nani na unatoka wapi. Tena wakati wa kiangazi visima vya chumvi vya Uvinza viliwavuta watu wa kila kabila, na habari zilitembea pamoja na mizigo ya chumvi. Hata Stanley, aliyekuwa na bunduki na vitambaa vya kulipia, vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya kawaida mwaka 1871 alilazimika kuzunguka kusini kabla ya kufika Ujiji mwezi Novemba.

Mnaweza kumleta kijana peke yake. Mpagazi mmoja asiyejulikana jina, amebeba chumvi, asingemshtua mtu yeyote sokoni kwenu, na kutumwa safari ndefu bila ruhusa ya kupigana na yeyote kungemfaa kijana wa tabia hiyo. Mzee wake mwelekezeni Ukimbu. Msitu wa kule ulikuwa mpana, watemi wake walikuwa wadogo na wametawanyika, na Nyungu alipokimbilia huko miaka ya 1860 alipata nafasi ambayo isingepatikana kando ya njia kuu.