Re: Kwa nini naandika i = 0 hata kabla sijafikiri?

Mkuu, huumwi. Umeuliza kama kuanza kila lupu (maagizo ya programu yanayojirudia) kwa i = 0, yaani kihesabio i kikianzia sifuri, bila kuwaza ni uvivu. Huku Newala nimekua nikiwatazama bibi zangu wakibangua korosho huku wanapiga soga, na kidole hakigongwi. Mkono ukishazoea, akili inabaki huru kwa kazi nyingine.

Hiyo i yenyewe tumeirithi. Kwenye Fortran, lugha ya programu ya IBM iliyotoka 1957, jina la kigeu (kitu kinachoshika thamani kwenye programu) likianza na herufi kati ya I na N lilichukuliwa kuwa namba kamili, labda useme vinginevyo. Kwa hiyo vihesabio vikawa i, j, k. Na sifuri? Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alitetea kuhesabu kuanzia sifuri mwaka 1982, lakini wengi wetu (mimi mmojawapo) tuliinakili tu kutoka kwa aliyetufundisha.

Shida inakuja ukibadilisha lugha. Msimu mmoja nilikuwa najumlisha kilo za magunia 40 kwa R, lugha ya programu ya takwimu. Kwa mazoea nikaita x[0:39], yaani orodha x kuanzia namba 0 hadi 39. R huhesabu kuanzia 1, na ukiipa 0 hailalamiki, inairuka kimya kimya. Gunia la mwisho likapotea, na mwenye korosho akaligundua kabla yangu. Aibu ile!

Siku hizi sijilazimishi kuwaza kila lupu. Naangalia miisho tu: kipengele cha kwanza na cha mwisho, navichapisha kwenye skrini, kisha naendelea.